Kandy, Mji wa Wafalme na wa Jino

Marehemu babu yangu alikuwa askari wa Keya. Kila tulipomaliza kuchuma kahawa alituhadithia habari za kisiwa cha Ceylon, ambako jeshi lake lilipiga kambi mwaka 1943 kabla ya kwenda vitani Burma. Alisema uko mji kando ya ziwa, kati ya milima, ambako watu huvua viatu na kuinama kwa heshima ya jino. Sisi watoto tulicheka sana. Mwaka jana nilipopata likizo nilisafiri hadi huko, nchi iitwayo Sri Lanka tangu mwaka 1972, ili nikajionee mwenyewe.

Kutoka Colombo nilipanda gari la moshi, na safari ilichukua kiasi cha saa tatu. Reli hiyo ilifika Kandy mwaka 1867, ikajengwa hasa kwa kubeba kahawa. Lakini mwaka 1869 ugonjwa wa kutu ya majani uliingia mashambani, na baada ya miaka michache kahawa ikaangamia. Wenye mashamba waling'oa mibuni wakapanda chai. Mkulima wa kwetu hahitaji kuelezwa uchungu wa jambo hilo.

Kandy ulikuwa mji mkuu wa mwisho wa wafalme wa Wasinhala. Wareno, kisha Waholanzi, waliitwaa pwani, lakini milima iliwashinda. Jino ninalolitaja huaminiwa kuwa ni la Buddha mwenyewe. Wazee wa huko husimulia kwamba lililetwa kutoka India katika karne ya nne, limefichwa katika nywele za binti mfalme. Aliyelishika jino ndiye aliyekuwa na haki ya kutawala. Ndiyo sababu hekalu na jumba la mfalme vilijengwa bega kwa bega.

Nilivua viatu mlangoni nikaingia. Ngoma zilikuwa zikilia, na watu waliovaa nguo nyeupe walipanga mstari wakichukua maua. Mlango wa chumba cha juu ulipofunguliwa, niliona kisanduku cha dhahabu tu. Jino lenyewe halionekani, kwa maana limo ndani ya visanduku saba, kimoja ndani ya kingine. Mimi nililelewa misheni, na nilikwenda kama mtazamaji. Lakini kando yangu alisimama bibi mzee, mikono yake ikitetemeka, akaweka ua moja mezani bila kusema neno. Hapo niliona haya kwa kicheko chetu cha utotoni.

Karibu na hekalu liko baraza la mfalme, lenye nguzo za mti zilizochongwa kwa ustadi. Humo, tarehe 2 Machi 1815, machifu wa Kandy walitia sahihi mkataba wa kuwapa Waingereza nchi yao. Mfalme Sri Vikrama Rajasinha ndiye aliyechimbisha lile ziwa zuri, lakini aliwatesa watu wake hata wakubwa wakamchoka. Alipelekwa kifungoni Vellore, India, akafa huko mwaka 1832. Mkataba uliahidi kuilinda dini na desturi za nchi, lakini mwaka 1817 watu waliasi, na uasi huo ukazimwa kwa ukali. Kwa hakika, nyumba yenye ugomvi haikosi mgeni wa kuirithi.

Hata katika siku za karibu hekalu halikupona. Mwezi wa Januari 1998, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, lori lenye bomu lililipuka mlangoni, likaua watu na kubomoa kuta. Mafundi walilijenga upya, jiwe kwa jiwe.

Siku ya mwisho nilikwenda kwenye makaburi ya askari wa vita ya pili ya dunia. Majani yamekatwa vizuri, na maua yamepandwa. Wamelala humo pia askari wa Afrika Mashariki. Nilisoma majina yao polepole, nikajiuliza ni nani kati yao aliyekula sahani moja na babu. Sikuweza kujua, kwa kuwa alipokuwa hai sikumwuliza, nilicheka tu.

Basi, wasomaji, watu wa Kandy wamelitunza jino moja kwa karne nyingi, wakalipigania na kulijengea upya nyumba yake. Nasi tunao wazee wenye habari ambazo hazimo katika kitabu chochote. Tuwaulize wangali hai, na tuandike wanayotuambia. Kuuliza si ujinga.