Nguo za Mgonjwa

Katika kazi zote za nyumbani, kufua nguo za mgonjwa ni kazi yenye mapenzi mengi na sifa chache. Apikaye husifiwa na walaji, na asukaye mkeka husifiwa na waukaliao. Lakini afuaye shuka la mgonjwa hufua peke yake, nyuma ya nyumba. Hata hivyo, kazi hii isiyotazamwa na mtu yaweza kuiokoa nyumba au kuiangamiza.

Nilijifunza jambo hili Ngara nilipokuwa mtoto. Mwishoni mwa Aprili 1994 watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda kwa muda wa saa 24 hivi, na Benaco ikageuka mji wa mahema. Miezi michache baadaye kuhara damu kuliingia nyumbani kwetu, na maradhi hayaulizi nani mgeni na nani mwenyeji. Mdogo wangu wa kike akaugua. Mama alizikusanya nguo zake kifuani, kama abebaye mtoto, akazifua katika beseni la kuoshea mboga, na maji machafu akayamwaga karibu na kijito tulichoteka maji. Baada ya siku chache tuliugua wengine wawili. Sisi tulipona, yeye hakupona. Mama hakuwa mzembe. Alifanya kama alivyofunzwa na mama yake, na moyo wake ulikuwa safi kuliko maji yale. Lakini usafi wa moyo hauui vijidudu.

Mwaka 2025 jirani zetu wa Biharamulo walipata mtihani mzito zaidi. Tarehe 20 Januari Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kuwa ugonjwa wa Marburg umethibitishwa huko. Na hata ulipotangazwa kwisha, tarehe 13 Machi, roho 10 zilikuwa zimepotea. Ugonjwa huu, uliotambuliwa mwaka 1967 na kupewa jina la mji wa Ujerumani, hupita katika damu, matapishi na majimaji mengine ya mgonjwa, na katika nguo na matandiko yaliyolowa majimaji hayo. Kwa hiyo humwandama zaidi yule amkaribiaye mgonjwa, yaani yule ampendaye. Penye shaka ya ugonjwa huo, nguo hazifuliwi nyumbani kabisa: huachwa zilipo, wasiguse watu, mpaka wahudumu wa afya wafike.

Mwezi wa Februari mwaka huo nilikwenda kumwuguza mama, ambaye sasa ni mzee. Alikuwa amekwisha kupimwa hospitalini, akaonekana ana kuhara kwa kawaida. Nilipovaa glovu ili nichukue shuka lake, aligeukia ukutani akasema, “Mwanangu, umenionea kinyaa?”

Elimu yangu yote ya chuo haikunipa jibu upesi. Nikasema, “La, mama. Wajukuu zako wamo humu ndani.”

Alinyamaza kitambo. Kisha akalitaja jina la mdogo wangu, ambalo halikutajwa nyumbani kwetu kwa miaka thelathini. Akasema, “Vaa, mwanangu.”

Nikalibeba shuka mbali na mwili wangu, bila kulikung’uta. Uchafu niliutupa chooni. Nikalifua peke yake, kwa sabuni na maji ya moto, katika beseni lisilogusa chakula. Maji yake nikayamwaga chooni, si kijitoni. Nikalianika juani mpaka likakauka kabisa. Mwisho nikalisugua beseni, nikavua glovu, nikanawa mikono kwa sabuni.

Wako wasemao kuwa kujikinga mbele ya mgonjwa ni kumtenga. Anayetengwa ni yule aliyeachwa na shuka chafu; mama yangu alilala jioni ile juu ya shuka safi, na mimi nikaketi kando yake. Desturi yetu ya kuwauguza watu wetu kwa mikono yetu ni njema, wala sitaki ife. Ninachotaka ni kwamba yule aishikaye asishikwe na maradhi.