Feni ya Kutolea Moshi na Fyuzi Yake



Msimu wa harusi huwa napokea maswali pamoja na vipimo vya magauni. Mengi ni ya mashela na mapazia. Mwaka huu lililonifikia mara nyingi ni la feni ya kutolea moshi, ile ndogo inayotobolewa ukutani jikoni au chooni. Sishangai. Nyumba tunazopanga siku hizi choo kiko ndani na hakina dirisha, na jiko limepakana na sebule. Ukikaanga samaki mchana, jioni harufu bado imo kwenye makochi hata ufukize udi wa bei gani. Unyevu nao haustahi nguo. Nimeletewa gauni la harusi lililokaa miezi minne kwenye kabati lililo jirani na choo, pindo lote limeota ukungu, na ukungu kwenye satini nyeupe hautoki.

Feni zenyewe wengi wetu hatununui dukani. Shangazi anakuja nayo kutoka Muscat, kaka anaitia kwenye kontena Ujerumani, shoga anarudi nayo Dubai. Alhamdulillah kwa zawadi. Ila kila nchi inafunga umeme wake kwa namna yake, na feni imetengenezwa ikitegemea namna hiyo.

Mdogo wangu anaolewa mwezi ujao, inshaallah, na yake ilitoka Ujerumani. Mafundi wawili walibishana mbele ya mama. Kijana alitaka kukata plagi ya pini za duara na kuunga waya moja kwa moja kwenye laini ya soketi, akisema Ulaya hawatii fyuzi kwenye plagi. Mzee akasema haiwezekani, lazima ipate fyuzi ya ampea 3. Mama akaniangalia mimi, kana kwamba cherehani na meni swichi ni kazi moja!

Kijana hakusema uongo. Ujerumani, kila laini inatoka peke yake kwenye ubao wa umeme, na breka yake kwa kawaida ni ya ampea 16. Plagi zao kweli hazina fyuzi. Uingereza walifuata njia nyingine. Baada ya vita vya pili vya dunia walikuwa na nyumba nyingi za kujenga na shaba kidogo, wakaona soketi za nyumba zizungukwe na waya mmoja kama pete, zilindwe kwa pamoja na ampea 30. Siku hizi ni breka ya 32. Ampea 32 ni nyingi mno kwa waya mwembamba wa taa au feni, kwa hiyo kila plagi ikapewa fyuzi yake ndani. Kanuni ya plagi hiyo ya pini tatu bapa ilitoka mwaka 1947. Ndiyo plagi tuliyorithi sisi Zanzibar, na ndiyo inayotumika Oman na Dubai.

Sasa tazama hesabu. Feni ya chooni inakula kama wati 20, haifiki hata sehemu moja ya kumi ya ampea. Waya wake mwembamba unahimili kama ampea 6. Ukiuunga moja kwa moja kwenye laini ya soketi yenye breka ya 32, siku ngozi ya waya ikilika na umeme ukavuja kwa ampea 15 au 20, waya unaungua ndani ya ukuta na breka imetulia, kwa sababu kwake hizo si nyingi. Mshonaji atanielewa: uzi wa mshono unatakiwa ukatike kabla kitambaa hakijachanika. Fyuzi ndiyo huo uzi.

Lakini fyuzi inalinda waya, hailindi kila kitu. Kwa jirani yetu feni ya chooni ilijaa vumbi ikagoma kuzunguka, ikabaki inanguruma usiku mzima. Alfajiri alipoamkia sala alisikia harufu ya plastiki ikiyeyuka. Fyuzi ya 3 ilikuwa nzima, maana mota ndogo ikikwama haivuti ampea 3, inapata moto tu. Kinga ya hapo ni kizimio cha joto kilicho ndani ya mota. Soma karatasi ya feni uone kama kimo. Na wewe mwenyewe usipigwe na shoti, unalindwa na waya wa ethi pamoja na breka ile inayokata umeme ukivuja miliampea 30.

Mtume wetu (S.A.W.) alikataza kuacha moto unawaka ndani ya nyumba tukilala, akataja na panya anayeburuta utambi wa taa akawaunguzia watu nyumba. Utambi wetu wa leo uko ukutani, na feni nyingi hulala zinawaka.

Feni yako ikiwa na plagi, mwambie fundi aifungue mbele yako. Plagi nyingi huja na fyuzi ya 13, ambayo ni ya pasi na birika. Atie ya 3. Nyingine za bei rahisi hazina fyuzi kabisa, na nimeona iliyotiwa karatasi ya sigara. Hiyo tupa. Chooni hakuwekwi soketi, kwa hiyo pale omba swichi yenye kijumba cha fyuzi, ifungwe nje ya mlango. Ya kutoka Marekani usiiwashe hata kwa kuijaribu, kule umeme ni volti 120 na kwetu ni 230.

Ya mdogo wangu aliifunga yule mzee, kwa swichi ya namna hiyo na fyuzi ya 3. Kijana alishika ngazi na kuuliza maswali. Bibi harusi kaachiwa kazi ya kufuta vumbi na mafuta kwenye mapanga kila baada ya miezi michache, meni swichi ikiwa imezimwa.