Safu Ikipinda



Nafundisha wasichana hapa Unguja. Kila Alhamisi baada ya masomo tunafunga milango, wanawake watupu, tunacheza lelemama. Kuna wazazi walioniuliza, mwalimu, ngoma na tabia njema wapi na wapi?

Lelemama haina papara. Mnasimama mstari mmoja, mmevaa sare, mnakwenda polepole kwa ishara za mikono. Uzuri wake ni kuwa kitu kimoja. Mwanafunzi wangu hodari kuliko wote alikuwa akitangulia nusu hatua ili aonekane. Kila akitangulia, nasimamisha ngoma. Siku moja akalia: "Mwalimu, wao ndio wanaonichelewesha!"

Nikamuuliza, "Kwenye sala, safu ikipinda tunafanya nini?"

"Tunaisawazisha."

"Nani anasogea?"

Akanyamaza. Ngoma si ibada, na sikukusudia kuzifananisha. Nilitaka tu akumbuke kwamba anayejua zaidi ndiye anayemsubiri mwenzake.

Kumbe somo lilikuwa langu pia. Tulialikwa kucheza kwenye harusi ya mwanafunzi wetu wa zamani, nami nikachagua kitambaa cha sare, kizuri kwelikweli, bila ya kuuliza bei inamuelekea nani. Wiki iliyofuata msichana mmoja hakuja. Ya pili, hakuja. Nikadhani mvivu, Allah anisamehe.

Aliyemfuata nyumbani ni yule yule mwenye kutangulia. Akarudi, akanivuta pembeni: "Mwalimu, safu imepinda. Mama yake hana pesa ya sare."

Nilitamani ardhi inimeze. Vyama vya lelemama vya zamani, Unguja na Mombasa, vilijulikana kwa kushindana kwa mavazi na karamu. Nilichukua ngoma ya bibi zetu nikachukua na maradhi yake.

Kitambaa tulikirudisha dukani. Siku ya harusi tulicheza kwa kanga za majumbani, kila mmoja na yake, nyengine zimepauka. Mstari ulinyooka kama uzi. Yule msichana alisimama katikati, na hodari wetu pembeni yake, akimsubiri.

Biharusi unayesoma hapa, kabla hujawatangazia mashoga zako sare ya harusi yako, pitisha macho kwenye safu. Yupo atakayekwambia "inshaallah" kwa aibu, kisha asionekane. Msogelee wewe.