Stesheni ya Juu

Reli ya Aberdare haikujengwa kwa ajili ya watu. Hilo nililijua kwa mikono kabla sijalisikia kwa masikio, maana miaka yangu ya mwanzo katika bonde lile la Wales kusini sikupandisha abiria hata mmoja. Nilikuwa gadi wa treni za makaa ya mawe.

Mimi ni mtu wa Tanga. Baba alikuwa gadi wa njia ya Moshi, nami nikaenda baharini ili nisirithi filimbi yake. Meli ikanishusha Cardiff mwanzoni mwa miaka ya sabini, mtaa wa Butetown, ambako mabaharia wa pwani yetu, Wasomali na Wayemeni walikuwa wameshazoea baridi muda mrefu. Wazee wa pale wengi walikuwa wachochezi wa tanuri za meli. Walisema ukitaka moto mkali na moshi kidogo, chukua makaa ya mabonde haya, na walisema kweli: ndiyo yaliyopendwa na manowari za Waingereza. Kazi za meli zilipoanza kupungua nikaomba kazi reli. Nikapewa filimbi.

Njia niliyopangiwa ilipanda kutoka Abercynon kupitia Mountain Ash na Aberdare mpaka mgodi wa Tower, karibu na Hirwaun. Tukipita Aberdare tulikuwa tunaambaa na stesheni iliyokufa. Jukwaa lilikuwepo, jengo lilikuwepo, milango imefungwa, nyasi zimejiotea zinavyotaka. Treni haikupunguza hata mwendo.

Aliyenieleza habari zake ni mpiga ishara mmoja mzee, mtu wa kuzaliwa palepale, ambaye alipenda historia kuliko chai yake. Mwaka 1846, alisema, reli ya upande wa Taff Vale ilifika mjini ikitokea njia ya Cardiff. Mwaka 1851 ikaja ya pili, Vale of Neath, ikitokea magharibi, nia yake kuyavutia makaa upande wa bandari ya Swansea. Mhandisi wake alikuwa Isambard Kingdom Brunel, naye alikuwa na kipimo chake mwenyewe: zaidi ya mita mbili kati ya reli na reli. Mimi niliyekulia kwenye reli ya Tanga, upana wa mita moja tu, nilidhani ananitania.

"Sikutanii, kijana," akasema. "Ila mabehewa ya migodi hayakuingia humo."

Hapo ndipo palipokuwa na tatizo. Mabehewa ya upande wa Taff Vale yalikuwa ya kipimo cha kawaida, na kuhamisha makaa kutoka behewa moja hadi jingine kuliyavunjavunja. Mnunuzi wa makaa ya meli anataka mabonge, hataki chenga. Wakaongeza reli ya tatu ili treni za vipimo vyote viwili zipite, na mwaka 1872 kipimo cha Brunel kikaondolewa kabisa kwenye njia hiyo. Wakati huo Vale of Neath ilikuwa imeshamezwa na kampuni ya Great Western, tangu 1865. Taff Vale nayo ikaja kumezwa na kampuni hiyohiyo katika muungano wa miaka ya 1920, na mwenye reli akajikuta ana stesheni mbili katika mji mmoja mdogo. Ya Taff Vale ikaitwa ya Chini, ya Vale of Neath ikaitwa ya Juu. Mwaka 1964, mwaka mmoja baada ya ripoti ya Richard Beeching kupendekeza kufungwa kwa maelfu ya stesheni Uingereza nzima, zote mbili zilifungiwa abiria: ya Chini mwezi Machi, ya Juu mwezi Juni.

Reli ya Juu haikung'olewa, kwa sababu makaa yalikuwa bado yanashuka.

Nieleze kazi yenyewe, maana siku hizi hakuna anayeifanya. Mabehewa mengi ya zamani hayakuwa na breki inayoshikwa na dereva. Dereva alikuwa na breki ya kichwa cha treni, nami nilikuwa na breki ya behewa langu la nyuma, lenye gurudumu la chuma la kuzungusha na jiko dogo la makaa. Katikati yetu yalikuwepo mamia ya tani yanayosukuma. Kabla ya mteremko mkali kulikuwa na kibao kinachoamuru treni isimame. Hapo nateremka na gongo langu, mti mgumu usiofika mita. Kila behewa lina wenzo wa breki ubavuni. Unalipachika gongo juu ya wenzo, unalilalia kwa uzito wako wote, kisha unachomeka pini kwenye tundu kabla wenzo haujaruka. Unakwenda la pili, la tatu, mpaka uhisi yametosha. Ukifunga machache treni inakukimbia, ukifunga mengi magurudumu yanasugua bila kuzunguka, na dereva anakutukana kwa Kiwelshi. Tukifika chini nateremka tena kuzifungua. Mvua ya bonde lile haikujali saa.

Machi 1984 wachimbaji waligoma, na mgomo ukaenda karibu mwaka mzima. Vyama vyetu vya reli vilituagiza tusisogeze makaa, na mimi sikusogeza. Mshahara ulipungua, lakini ilikuwa aibu kulalamika mbele ya watu waliokuwa hawana hata huo. Wanawake wa Aberdare walifungasha vifurushi vya vyakula kwenye kumbi: viazi, mkate, maziwa ya makopo. Barabara kuu ya Cardiff ilijaa malori yakibeba kazi yetu. Machi 1985 wakarudi migodini kwa maandamano na bendi za matarumbeta, na baada ya hapo migodi ikaanza kufungwa mmoja baada ya mwingine. Tower ukabaki, na treni yetu ikabaki nao.

Bila treni hiyo, yaliyotokea tarehe 3 Oktoba 1988 yasingewezekana. Siku hiyo abiria walirudi Aberdare, baada ya miaka 24, kwenye jukwaa jipya lililojengwa ubavuni mwa stesheni ile ya Juu, juu ya reli ileile ya makaa. Nilikuwa nimehamishiwa treni za abiria, nakata tiketi na kufungua milango. Mama mmoja mtu mzima alinishika mkono kabla hajaketi.

"Kwani ilikuwa ikipita hapa muda wote huu?"

"Ndiyo, mama. Haikuacha."

"Basi ni sisi tulioachwa."

Sikuwa na jibu, nikamkatia tiketi ya Cardiff.

Tower wenyewe ulifungwa na serikali Aprili 1994 kwa madai kwamba haulipi. Wachimbaji 239 walitoa paundi 8,000 kila mmoja kutoka kiinua mgongo chao, wakaununua, na Januari 1995 wakaandamana kurudi ndani wakiongozwa na mwenzao Tyrone O'Sullivan. Ulilipa kwa miaka 13. Mara nyingi treni yangu ya abiria ilisubiri Aberdare huku makaa yakishuka kuelekea kituo cha umeme cha Aberthaw. Abiria walinung'unika kuchelewa. Mimi niliona ni heshima ya mpangaji kwa mwenye nyumba. Januari 2008 makaa ya chini yakaisha, mgodi ukafungwa. Baadaye wakachimba ya juujuu kwa muda, nayo yakaisha.

Mimi nilikuwa nimeshastaafu. Treni za Aberdare zinaendelea, sasa kwa ajili ya watu peke yao, jambo ambalo Brunel asingelielewa. Wakazi wa Hirwaun, kilomita chache mbele, wanadai treni iwafikie na wao, maana stesheni yao ilifungwa mwaka uleule wa 1964. Wakinialika kwenye vikao vyao huwa nasema neno moja tu la kigadi: lisitolewe hata taruma moja. Upande wa pili, kuteremka kutoka Hirwaun kuelekea Neath, reli iling'olewa zamani, na huko sijasikia mtu akidai treni.