Anwani na Mahali

Msomaji aliye mwenyeji wa Changamwe anajua kwamba anwani na mahali ni vitu viwili. Sanduku la posta huonyesha barua inakongoja, halionyeshi nyumba ilipo. Mgeni huelekezwa kwa msikiti, kwa kituo cha matatu, au kwa mwembe. Nilidhani tofauti hii ni ya mitaa yetu tu, hadi wakati wa likizo nilipomsaidia fundi wa kompyuta katika ofisi moja ya mawakala wa forodha.

Seva ya ofisi hiyo ilikuwa na kadi mbili za mtandao, zilizofanana kama pacha. Moja ilikuwa imeanza kukatakata mawasiliano. Nyingine ndiyo iliyopitisha hati za forodha. Tulipewa nusu saa baada ya Isha kuizima mashine. Ikitolewa kadi nzima badala ya mbovu, asubuhi hati hazitapita, na shehena inayokawia bandarini hutozwa ada. Mashine ilisema kadi mbovu iko 0000:05:00.0. Kwenye ubao, matundu yalipigwa chapa namba 1 hadi 6. Mkono wangu ulielekea la tano.

“Mwanangu,” fundi akanizuia, “hiyo tano si ya tundu.”

Ilikuwa tano ya njia. (Wataalamu huiita basi, mimi napendelea njia, maana basi letu hubeba abiria.) Anwani hiyo hutaja eneo, kisha njia, kisha kifaa, mwisho kazi ya kifaa, njia moja huweza kuwa na vifaa hadi 32, na kifaa kimoja kazi hadi 8. Mashine inapowashwa huzikagua njia zake, na kila ikikuta daraja huvuka, huipa njia ya ng’ambo namba inayofuata, na huumaliza upande huo kabla ya kurudi. Ni kama karani wa sensa aanzie kisiwani, avuke Daraja la Nyali aimalize Kisauni, ndipo arudi avuke Makupa kuja kwetu. Likizuka daraja jipya kule Kisauni, Changamwe hubadilika namba bila kusogea hata shibiri. Vivyo hivyo, kadi ngeni yenye daraja lake huweza kuzisukuma namba za njia zinazoifuata.

Kwa amri ya dmidecode, fundi alitoa orodha inayounganisha matundu na anwani. Ilisema 0000:05:00.0 ni tundu la 2. Hakuridhika, kwa kuwa orodha za viwandani nazo hukosea. Kabla ya kuizima mashine aliiamuru kadi, kwa ethtool, ipepese taa yake. Nami nilichuchumaa nyuma nikaiona ikimetameta katika tundu la 2.

Kadi mpya ilipokwisha kuingia, alibandika utepe nyuma ya seva. Aliandika namba ya tundu, na chini yake ile namba ambayo kadi hutoka nayo kiwandani. Ile 05 hakuiandika.