Mwanza, Mji wa Mizani

Ukijaliwa kufika Mwanza, usiridhike kuyatazama mawe peke yake. Ni kweli kwamba mawe yaliyopandana vilimani, na lile la Bismarck lililosimama majini, ni fahari ya mji. Lakini amka mapema ushuke hadi soko la Mwaloni, Kirumba, ambako dagaa na samaki wa Ziwa Viktoria huuzwa. Hapo utamwona kila mtu akipiga hesabu, hata yule ambaye shuleni somo hilo lilimshinda.

Chukua mfano wa mgawo wa mapato ya chombo. Tuseme samaki wa usiku mmoja wameleta shilingi 200,000. Kwanza hutolewa gharama ya mafuta, shilingi 50,000. Kinachobaki hugawanywa nusu kwa nusu, baina ya mwenye chombo na wavuvi wake watatu. Je, mvuvi mmoja atapata kiasi gani? Liite fungu lake f. Wavuvi wana f tatu. Mwenye chombo, ambaye hupata sawa na wote watatu, ana f tatu nyingine. Basi f sita na 50,000 ni sawa na 200,000. Ondoa 50,000 pande zote mbili, zitabaki f sita kwa 150,000. Gawanya kwa sita: fungu la mvuvi ni shilingi 25,000. Hiyo ndiyo aljebra, ileile iliyowatisha wengi ubaoni.

Wala si ajabu kuikuta sokoni. Al-Khwarizmi, aliyeandika kitabu kilichoipa elimu hiyo jina huko Baghdad katika karne ya 9, alikusudia kuwasaidia watu katika mirathi, biashara na upimaji wa ardhi. Siri yake ni mizani: unachokiondoa upande huu, sharti ukiondoe na upande wa pili.

Na thamani ya mizani inajulikana sana Usukumani. Ukitoka mjini kuelekea Magu au Kwimba, unaingia katika nchi ya pamba. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, wakulima walilalamika kwamba wanapunjwa wanapopimiwa pamba yao, wakaweka watu wao wa kuhakiki mizani. Katika juhudi hizo, chini ya uongozi wa Paul Bomani, vilikua vyama vya ushirika vilivyoungana mwaka 1955 katika Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria. Asiyejua hesabu alimwachia mwenzake jasho lake.

Ndiyo maana haikuwa kwa bahati kwamba Mwanza ilikuwa makao ya mradi wa kisomo chenye manufaa, ulioanza mwaka 1968 kwa msaada wa UNESCO katika mikoa ya Mwanza, Mara, Shinyanga na Ziwa Magharibi, ambayo leo ni Kagera. Watu wazima walijifunza kusoma na kuhesabu kwa vitabu vya pamba, migomba, uvuvi na ufugaji. Sensa ya mwaka 1967 ilikuwa imeonyesha kwamba karibu thuluthi mbili ya watu wazima nchini hawakujua kusoma na kuandika. Mtihani wa taifa wa mwaka 1975 ulikuta wamebaki asilimia 39. Hesabu ilianzia kwenye kazi ya mtu, ndipo ikapanda ubaoni.

Somo hilo linatuhusu sisi wa mijini. Katika mtihani wa kidato cha nne, hisabati kwa miaka mingi imekuwa somo linalowaangusha wengi. Wanaoanguka huwa wafanyakazi na wazazi, na mtoto akileta daftari mezani humwambia, "Kamwulize mwalimu wako." Hofu ya mzazi inarithiwa hivyo, bila wosia.

Mtu mzima anao mtaji ambao mtoto hana: mshahara, kodi ya nyumba, karo na deni la dukani. Anza na hayo. Usilolijua lipe herufi, andika pande mbili, kisha zisawazishe. Anayetaka cheti, Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ipo, na Mtihani wa Maarifa upo kwa ajili yake. Asiyetaka cheti na avute kiti jioni ya leo, akae na mwanawe, wafungue daftari pamoja.