Nilibonyeza Enter, bando likaisha

Haya jamani, nimerudi. Kimya changu cha wiki mbili kina sababu, na leo naitoa hadharani mnicheke mara moja tuyamalize.

Nilikuwa Lindi kikazi, nikifuatilia habari za wakulima wa korosho. Usiku, nipo gesti, bando limebaki megabaiti 300, na mahojiano yangu na mama mmoja mkulima yamejaa kelele za mvua juu ya bati. Laptop yangu inatumia Linux, basi nikasema nipakue kiprogramu cha kusafisha sauti, kisha niandike na kutuma. Nikaandika amri, maneno yakamwagika kwenye skrini, mwisho likaja swali: tuendelee? Nikabonyeza Enter kama mtu anayesaini mkataba wa nyumba bila kuusoma. Bando kwisha. Salio sina, mawakala wameshafunga. Mhariri anapiga: "Kijana, habari iko wapi?"

Kosa ni langu, sikusoma. Lakini hata ningesoma, ningeelewa nini?

Kwa wasiojua: kwenye Debian na jamaa zake, programu huja kama kifurushi, na kila kifurushi hutaja wenzake kwa ngazi tatu. Chukulia ugali. Unga ni lazima, bila huo hakuna ugali. Mboga ni pendekezo, karibu kila mtu ataitaka. Pilipili ni ushauri tu, ukipenda. Tangu Debian 5.0 iliyotoka Februari 2009, apt huleta unga pamoja na mboga bila kuambiwa, na pilipili huitaja tu. Sina ugomvi na hilo, maana mgeni hatakiwi kupewa programu nusu nusu. Ugomvi wangu ni risiti. Unga na mboga huchanganywa kwenye orodha moja, megabaiti zinajumlishwa, halafu unaulizwa swali moja: yote au basi. Mjuzi ataongeza --no-install-recommends kwenye amri yake, lakini hilo sharti ulijue kabla njaa haijakushika.

Tena inawezekana kufanya vizuri zaidi. Kule Fedora, dnf huviweka vya hiari chini ya kichwa chao, kila kifurushi na ukubwa wake. Debian 13, iliyotoka Agosti 2025, nayo ilikuja na apt yenye safu na rangi: kijani kwa kinachoingia, nyekundu kwa kinachotoka. Inapendeza, ila rangi hainiambii kipi ni unga na kipi ni mboga.

Ninachoomba ni kidogo. Lazima ikae peke yake, hiari peke yake. Kila cha hiari kiwe na sababu yake kwa mstari mmoja na megabaiti zake, kisha nichague mwenyewe. Kwa mwenye intaneti ya bure ofisini hayo ni mapambo. Kwa aliye gesti na megabaiti 300, ndiyo tofauti ya habari kutoka na kulala.

Nanyi mnaotumia Linux, yameshawakuta?

Habari ya yule mama ilitoka siku mbili baadaye, ukurasa wa ndani. Nikampigia kumwambia anunue gazeti. Akacheka kidogo. "Mwanangu, hela ya gazeti niliitumia jana. Nililisoma lote, sikujiona."